Mitende Khafifu, Ngome Wazito

Wadogo zangu wa ofisini, mmenisumbua tangu siku ile mliponipa saa ya ukutani na keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja. Mnataka niandike namna ya kuzilinganisha timu mbili za hoki ambazo zote zinafungwa kila wiki, ili mjue ipi ina vipaji zaidi. Mnasema nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote, kwa hiyo najua. Nimekaa na kalamu, nimekunywa kahawa, nimefuta, nimeanza upya, na jambo la kwanza ninaloweza kuwaambia kwa uhakika ni kwamba sijui. Nilikuwa nikienda uwanjani sijui, na nikirudi nyumbani sijui zaidi. Hata hivyo nitaandika, maana mke wangu amechoka kuniona nimekaa sebuleni nikiitazama hiyo saa.

Utata wenyewe ulianzia nyumbani, kabla sijaripoti kazini. Sisi ni watu wa Ibra, huku Oman, kwa asili, lakini mimi nilizaliwa Tabora na nikaja huku kijana nimeshaota ndevu. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliposikia nimepata kazi ya kuzunguka mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah kuangalia watu wa magongo, alikaa chini akashika kichwa. Kwetu Tabora gongo ni pombe inayopikwa kwa kificho, na wanaozunguka kuitafuta ni askari.

"Said mwanangu," akasema, "ina maana hata Oman wanapika gongo?"

Nikamweleza kwamba watu wa Unguja huuita mchezo wa hoki mpira wa magongo, kwa sababu ya zile fimbo zilizopinda mwishoni. Akafikiri kidogo.

"Na hizo fimbo hawapigani nazo?"

"Wakati mwingine, mama."

Hakuridhika, ila alikiachia kichwa.

Aliyenipokea kazini Nizwa alikuwa Maalim Nassor. Alikuwa mtu wa mjini Unguja, mwalimu wa shule, na huko ujanani aliucheza mchezo huu kwenye nyasi za kweli, jambo ambalo hakuacha kutukumbusha kila tulipokanyaga mchanga. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani cha mjini, chenye kheri na khabari na ghafla zilizotoka kooni kama Kiarabu. Mimi wa Tabora nilisema heri na habari kwa ulaini, naye alinisahihisha mbele za watu kama mtoto aliyesahau kufuta uji kidevuni. Nilimpenda siku ileile, ingawa nusu ya maneno yake sikuyaelewa na ile nusu nyingine niliielewa vibaya.

Kazi yetu ilikuwa kupima vipaji. Klabu kubwa za mji mkuu zilikuwa na watu wao. Sisi tuliachiwa zile timu ndogo za kulipwa za huku bara na pwani ya Sur, ambazo hakuna anayetarajia zishinde, na ambazo hata jamaa za wachezaji huja uwanjani wakiwa wamejiandaa kuwapa pole. Nitataja tatu tu, na majina nimeyapanga mwenyewe kwa sababu wenyewe wako hai na wana simu: Mapwani wa Sur, Mitende wa Ibra, na Ngome wa Nizwa.

Mechi yangu ya kwanza, nilikwenda nimenyoosha shati nikatafuta kiti katikati ya jukwaa, mahali pazuri. Maalim akaniondoa. Alikuwa na kiti chake cha kukunja na mwavuli, akaenda kukaa nyuma ya goli, akaugeuzia mgongo ule ubao wa matokeo.

"Usiutazame mpira," akaniambia.

"Nitazame nini basi, Maalim?"

"Mkono wa kushoto, yakhe. Mpira wanautazama watu wote."

Nawaeleza hili vizuri, kwa sababu ndilo jambo moja ambalo nina hakika nalo. Gongo la hoki lina upande mmoja bapa, na upande huo tu ndio unaoruhusiwa kupigia. Mchezaji akitaka kuuchukua mpira ulio kushoto kwake lazima aligeuze gongo mkononi, na anayeligeuza ni mkono wa kushoto, ule ulioshika juu. Mkono wa kulia unasindikiza tu. Mchezaji wa kawaida utamwona anageuza mkono mzima mpaka bega. Mwenye kipaji hugeuza kifundo, na hata huoni amefanya saa ngapi. Nilitazama mikono ya kushoto mpaka macho yakaniuma. Tulipotoka, askari wa getini akatuuliza matokeo. Maalim hakujua. Mimi nami sikujua. Askari akatutazama kwa huruma, akatuuliza kama tuna mtu wa kutupeleka nyumbani.

Miaka hiyo nilidhani kazi ni ugumu wa macho, kwamba ukizoea utaona. Mapwani ndio walionivuruga. Uwanja wao ulikuwa mchanga mtupu karibu na njia ya Tiwi, na kwenye mchanga mpira hautambai, unakwama. Kwa hiyo vijana wale walikuwa wamejifundisha kuuinua kidogo kwa ncha ya gongo, ukaruka kifundo cha adui ukatua mbele. Nilipowaona kwa mara ya kwanza walikuwa wameletwa kucheza kwenye zulia, lile la bluu linalomwagiwa maji. Mpira kwenye zulia unateleza kama sabuni. Kila walichokiinua kilitoka nje, na kila walichokiacha chini kiliwapita. Walifungwa mabao mengi hata mwandishi wa matokeo akalazimika kuomba karatasi nyingine. Nikamwambia Maalim hawa hawana kitu.

Mechi ya marudiano ilikuwa kwao. Wale mabwana wa zulia waliteleza, wakauchimba mchanga kwa magongo yao ya bei mbaya, wakaanguka, na vijana wa Sur wakawapitishia mipira juu ya vichwa mpaka wakaanza kuinama bila sababu. Nikachanganyikiwa kabisa.

"Maalim, sasa ipi ndiyo timu yenye vipaji?"

"Zote."

"Zote vipi? Wale siku ile—"

Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta sambusa. Nilikasirika, nawaambieni. Nilirudi Ibra nikiendesha peke yangu na kubishana na kioo cha gari. Lakini tangu siku ile sikumpima mchezaji kabla sijauliza amelelewa juu ya nini, na nanyi msimpime kabla ya kuuliza.

Mambo mengine madogo niliyojifunza ni haya. Fika kabla ya filimbi, uwatazame wakipasha misuli, kwa sababu timu nyonge huchoka na hofu kabla haijachoka na mbio. Mtazame kipa wakati mpira uko mbali, uone kama anazungumza na mabeki wake au anazungumza peke yake. Kulikuwa na kipa mmoja wa mji wa Adam, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyekuwa akipokea simu za wateja golini. Maalim alisema yule ana kipaji kikubwa kwa sababu alidaka mpira wa kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli, huku akitaja bei. Mimi niliandika kwamba hana nidhamu. Wote wawili tulikuwa sahihi, na yule bwana aliacha hoki akatajirika.

Kisha Maalim akastaafu, akahamia Ibra kwa binti yake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Ofisini wakaniletea mkuu mpya, Bi Asila, ambaye wengi wenu bado mnafanya kazi chini yake na mtaniombea radhi. Ni binti wa watu wa Unguja, ila alizaliwa Nizwa, akasomea Kiarabu, na Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa bibi yake, kwa hiyo anajua majina ya viungo vyote vya pilau lakini hajui tofauti ya hii na huyu. Alikuja na kompyuta na kamera za kurekodi mechi. Aliniita ami, yaani baba mdogo, tangu siku ya kwanza, na alinisikiliza. Siwezi kumlalamikia.

Yeye ndiye aliyeniita ofisini siku moja, uso umemshuka.

"Shikamoo, ami. Kaa. Iko mushkila."

"Marahaba. Mushkila gani?"

"Mitende na Ngome. Msimu ujao ligi inataka timu moja tu. Moja itabaki, moja itatoka. Pointi sawasawa, magoli sawasawa, kila kitu sawasawa. Wanasema sisi tuamue kwa vipaji. Ami, hii timu mbili, ipi iko zaidi?"

Timu ikitoka kwenye ligi ya kulipwa, wachezaji hutawanyika mwezi uleule. Na kwa upande wa Mitende nilimjua mmoja zaidi ya wenzake. Rashid, nahodha wao, kiungo wa kati, kijana wa familia ya Pemba ingawa sasa si kijana tena. Alichezea klabu kubwa ya mji mkuu, akarudi Ibra kwa hiari yake kuijenga timu ya kwao, na watu wakamwita mwendawazimu. Kwa umri wake hakuna klabu nyingine ambayo ingemchukua. Mitende wakitolewa, Rashid amekwisha, na aliyoyaacha kwa ajili yao yatakuwa yamepotea bure.

Kwa macho yangu mimi, Mitende walikuwa bora. Asila, kama nilivyokuja kujua baadaye, aliona Ngome ndio bora, na picha zake za kompyuta zilimuunga mkono. Lakini hakuna aliyetangulia kusema. Tulikubaliana timu hizo zicheze mechi moja Ibra, Maalim Nassor aje aitazame, na neno lake tulifuate. Aliwajua Mitende na Ngome tangu baba zao. Mechi ikachezwa, ikaisha sare, bila shaka. Maalim alikaa nyuma ya goli na mwavuli wake, akasema tu miguu inamuuma, akarudi kwa binti yake.

Kesho yake asubuhi mimi na Asila tukakaa ofisini Nizwa, tukampigia simu, tukaiweka mezani sauti ikiwa wazi.

"Shikamoo, Maalim. Mitende na Ngome, unasemaje?"

Tulisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani. Kisha Maalim akasema polepole, kwa ile sauti yake ya darasani:

"Mitende khafifu. Ngome wazito."

Nilijiinamia. Asila naye akashusha pumzi, akasema, "Shukran Maalim, Allah ykhallik," yaani Mungu akuweke, akakata simu.

"Basi limekwisha," nikasema.

"Khalas," akasema yeye. "Limekwisha."

Tukatikisa vichwa, tukaagana. Nyinyi mlionijua mtashangaa kwamba sikuongeza neno. Maalim alikuwa ameshasema, na mimi nilikuwa nimemfuata mtu huyo tangu nikiwa siwezi kutofautisha gongo na mkwaju. Niliona macho yangu ndiyo yaliyokosea, kwa mapenzi ya mji wangu. Nilipita njia ya Sinaw kurudi Ibra bila hata kufungua redio.

Sikutaka Rashid aisome habari ile kwenye simu. Nilikwenda mazoezini kwao alasiri ileile, nikamwita pembeni, nikamwambia Maalim amesema Mitende ni hafifu, Ngome ndio wazito, kwa hiyo ajiandae. Alikaa juu ya mfuko wa magongo. Wenzake walikuwa wanakimbia kwa zamu, wanacheka, hawajui.

"Ami," akasema, "wallahi mie sitaki kubishana. Lakini niambie kweli. Sisi wabovu?"

"Sijui, Rashid."

"Weye hujui, nani ajue?"

Aliinuka akaenda kuwaambia wenzake mwenyewe, na mimi nikaondoka kwa sababu nisingeweza kuziangalia zile nyuso.

Kesho yake kabla ya sala ya adhuhuri tangazo likatoka. Mitende wanabaki ligini. Ngome wanatoka.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Rashid. Hakusalimia.

"Ami, umenichezea? Jana vijana wamelia hapa, mmoja keshauza viatu vyake!"

Nikamwambia asubiri. Nikampigia Asila.

"Binti yangu, tangazo limekosewa."

"La, ami. Halikukosewa. Nimeandika mimi."

"Lakini Maalim si alisema Mitende hafifu?"

"Aywa. Khafif. Kwa hiyo nikawabakisha."

"Unawabakishaje watu hafifu?"

"Ami, khafif ni mzuri! Mwepesi. Anaruka hivi, miguu yake huioni. Na Ngome alisema wazito, yaani thaqil, hawakimbii."

Sasa nawaeleza wale ambao hamna Kiarabu au hamna Kiswahili, ingawa kwa ofisi yetu ni vigumu kumpata asiye na kidogo cha vyote. Neno ni lilelile. Kwa Kiarabu, mchezaji khafif ni sifa, ni mwepesi. Sisi Waswahili tulilichukua tukaliharibu, likawa kitu duni, kibovu, chai isiyokolea. Na neno zito nalo ni hivyo hivyo kinyumenyume. Mswahili akisema kikosi kizito unajiandaa kufungwa, na Mwarabu akisema mtu mzito uwanjani unamhurumia. Laiti Maalim angekuwa mtu wa Tabora kama mimi, angesema hafifu kwa h nyepesi na nisingekuwa na shaka. Lakini Maalim ni mtu wa mjini Unguja wa zamani. Yeye hata akisema Kiswahili kitupu, kh yake inatoka kooni. Kwa sauti tu usingeweza kujua ametumia neno la nani.

"Ngoja tumpigie tena," nikasema.

"Leo?" Asila akauliza. "Tangazo limetoka, ami. Nikimuuliza leo akasema kinyume, nitafanya nini? Niache. Mwisho wa msimu lazima tuithibitishe hii uamuzi. Siku hiyo tutamuuliza sawasawa. Kama Mitende ni ile hafifu yako, watatoka, Ngome watarudi."

Nikamrudia Rashid nikamweleza yote. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Ami, unakwenda kwa Maalim kila Ijumaa, si ndiyo?"

"Ndiyo, tunakunywa kahawa."

"Basi nakuomba, kwa Mungu, usimuulize. Mpaka msimu wishe. Akikuambia sisi wabovu nitakuona usoni, na nikikuona siwezi kucheza."

Nikamwahidi, na ule ndio ukawa mwaka mgumu kuliko yote niliyofanya kazi. Kila Ijumaa nakaa na mtu mwenye jibu, ananimiminia kahawa, ananisimulia nyasi za Unguja, na swali linanikaa kwenye ulimi kama mbegu ya tende. Nilikuwa nalitaka jibu lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu kazini. Si kwa ajili ya Rashid peke yake. Nilitaka kujua kama mimi, baada ya umri wote ule, nina macho au sina.

Na Mitende wenyewe hawakunisaidia. Kuna siku walicheza mchezo ambao ungeweza kumwonyesha mwanao ukamwambia hii ndiyo hoki, wakafungwa. Wiki iliyofuata walicheza ovyo, wanagongana wenyewe kwa wenyewe, wakaishinda timu iliyokuwa ya pili. Niliwatazama mikono ya kushoto. Niliwatazama kabla ya filimbi. Nilikwenda nikakaa nyuma ya goli, nikakaa jukwaani, mara moja nikakaa kabisa nje ya uzio nikasikiliza tu. Asila alinitumia picha zake zenye mistari ya rangi, nikazigeuza juu chini nikaona bado zinasema kitu kilekile, yaani sikujua kinachosemwa. Ngome nao huku kwenye ligi ya chini walikuwa wanawashinda wote, jambo ambalo lingekuwa na maana kama wapinzani wao wangekuwa na viatu. Rashid alicheza kila mechi. Alikonda. Kila alipopita karibu yangu alinitazama usoni kwanza, kisha ndipo alipoutazama mpira.

Msimu ukaisha Mitende wakiwa wa pili kutoka mwisho, si pazuri, si pabaya. Mimi nami nilikuwa nimebakiza wiki chache kustaafu. Asila akaja Ibra kwa gari ya ofisi, tukaenda kwa Maalim baada ya sala ya alasiri. Rashid alikuwa ameshafika. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyeweza kumwambia atoke. Alikaa karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Binti wa Maalim akaleta halwa na kahawa, na kwa adabu tukazungumza kwanza habari za afya, za joto, na za mgonjwa mmoja wa kijiji cha Misfat ambaye sote tulikuwa hatumjui vizuri.

Kisha Asila akaweka kikombe chini.

"Maalim, mwaka jana tulikuuliza Mitende na Ngome. Ukasema Mitende khafifu, Ngome wazito. Sasa ami anasema khafifu ni mbovu. Mimi nasema khafif ni mwepesi. Weye ulikusudia ipi?"

Maalim alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Rashid pale mlangoni.

"Mie?" akasema. "Mie nilisema walivyo. Hawa wembamba, hawa wanene."

Asila alikiinua kikombe chake, akakirudisha chini bila kunywa.

"Wale wa Nizwa wanakula nyama ya shuwa wiki nzima," Maalim akaendelea, "matumbo yamewatangulia. Hawa wa Ibra ukiwapuliza wanaruka. Hilo ndilo la kwanza mtu analiona, nikaanza nalo. Nilikuwa ndo naanza kuzungumza, mkanikatia simu! Nikasema, basi, vijana wa siku hizi wana haraka."

Asila alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mimi nilitaka kucheka na nikaona siwezi, kwa sababu Rashid alikuwa amesimama.

"Na baada ya hapo, Maalim?" Rashid akauliza. "Ulikuwa unataka kusema nini baada ya hapo?"

Maalim akakuna ndevu, akatikisa kichwa.

"Sikumbuki, mwanangu. Mwaka mzima sasa."

Ule mwaka mzima wa mbegu ya tende, kumbe hapakuwa na jibu. Asila akanigeukia. Alikuwa na kalamu mkononi na macho yake yalikuwa yamechoka.

"Basi ami, sema weye. Weye uliona nini?"

Nitawaambia jambo ambalo halina heshima kwa mtu wa umri wangu. Katika miaka yote ile, sikuwahi kulijibu swali hilo bila Maalim kuwa ameshasema kwanza. Nilitazama kikombe changu. Nilitafuta neno ambalo halina maana mbili katika lugha yoyote niliyoijua.

"Wabaki," nikasema.

"Kwa nini?"

"Rashid akiligeuza gongo, wenzake wanne wameshaanza kukimbia kabla hajaupiga mpira. Wanajua unakwenda wapi. Wakiukosa, wanaukosa, na mara nyingi wanaukosa. Lakini Ngome wanasimama waone kwanza umekwenda wapi, ndipo wakimbie. Nimewatazama tangu zamani, wanasimama. Siwezi kukuthibitishia kwa picha. Naweza kuwa nimekosea."

"Hilo!" Maalim akapiga goti lake kwa kiganja. "Hilo hilo! Ndilo nililokuwa nakuja kulisema mliponikatia simu!"

Asila akaandika. Rashid alikuja akachukua dalla, lile birika la kahawa, mkononi mwa binti wa mwenye nyumba, akanimiminia yeye mwenyewe, na hakuacha hadi kahawa ikafurika kikombe, ikamwagika kwenye kanzu yangu. Hakuomba radhi na mimi sikufuta.

Mitende bado wapo ligini. Kama nilikosea mtagundua nyinyi, na mnirudie mje mnieleze, maana nitapenda kujua. Mimi bado nakwenda kwa Maalim kila Ijumaa, tunakunywa kahawa. Sijui mpaka leo kama siku ile alikumbuka kweli au alinionea huruma mbele ya watu. Sijamuuliza, na safari hii hakuna aliyenikataza.